Hesabu ya Waliomo Handakini

Mehjabin, binti wa muuza vitambaa wa Shinyanga mjini, aliajiriwa mwaka 1998 na kampuni ya kutafuta dhahabu upande wa Geita. Mama yake alitaka abaki dukani. Yeye alitaka kompyuta.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa programu, kwa lugha ya Java, ya kuonyesha idadi ya watu waliomo handakini kwenye kompyuta iliyo mezani kwa mkuu wa baruti. Mlinzi wa lango angebonyeza kitufe kimoja mtu akiingia, kingine akitoka. Chuoni alizoea lugha nyingine ya programu, C, ambako kigeu, yaani nafasi inayoshika hesabu, ndani ya kifungu cha programu, kikitanguliwa na neno static, hukumbuka thamani yake hata kifungu kikiisha. Java ililikataa neno hilo pale. Kwa haraka akalifuta, programu ikakubali. Akaijaribu peke yake: akaingia, ikasoma moja, akatoka, ikasoma sifuri. Akaridhika.

Siku ya kuanza kuitumia, alikuwa nje ya ofisi na kikombe cha chai alipomwona Marselino, mpima miamba, akitoka handakini peke yake, ilhali asubuhi alimwona akiingia na msaidizi wake, Mageni.

"Mageni yuko wapi?"

"Nimemwacha tawi la pili, anakusanya sampuli."

King'ora cha kulipua kikalia. Kule ndani hakisikiki.

Kikombe kilimponyoka. Alikimbia hadi kibanda cha Ignas, mkuu wa baruti, akamkuta mkono uko kwenye swichi.

"Shikamoo mzee, usilipue! Mageni yumo!"

"Kompyuta yako inasema hakuna mtu."

"Inadanganya! Toa mkono, nakuomba!"

Ignas alimtazama, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Wakasimama langoni hadi Mageni akatokea na mfuko begani, akishangaa kwa nini wote wanamkodolea macho. Mehjabin akaketi chini palepale.

"Hiyo mashine itoke mezani kwangu," Ignas alisema.

Mehjabin alipoisoma upya programu, kosa lilikuwa wazi. Kigeu kilizaliwa ndani ya kifungu na kufa nacho. Kila kitufe kilipobonyezwa, hesabu ilianza upya kwenye sifuri, na kwa kuwa aliizuia isishuke chini ya hapo, kila aliyetoka aliiacha ikisoma sifuri. Marselino alipotoka, programu haikumkumbuka Mageni. Alikihamishia nje ya kifungu, kwenye darasa lenyewe, yaani sehemu kubwa inayobeba vifungu vyote, ambako Java inaruhusu static, kisha akaomba zamu nzima ipite langoni, waingie na kutoka ovyo ovyo, Ignas akihesabu kwa vidole.

"Sawa," Ignas alisema mwishowe. "Lakini kila mtu atundike kibao cha jina lake hapa kabla ya kuingia, akiondoe akitoka."

"Hata mimi ningekuomba hivyo, mzee."