Majani Aliyoyafuta Marehemu

Wateja walimwita Bwana Miche, na wote waliujua mdomo wake. Ukinunua mche kwake, huondoki kabla hajakusomesha.

"Ukishang'oa mti, umeukata mizizi," angesema, kisu mkononi. "Majani hayana habari. Yanaendelea kutoa maji hewani vilevile, na chini hakuna anayeleta mengine. Yapunguze, angalau nusu."

Mbishi alionyeshwa tawi lililofungwa mfuko wa plastiki juani, matone yakiteremka kwa ndani, akanywea.

Miezi miwili baada ya Bwana Miche kumzika mkewe, mwenye nyumba akamtaka ahame. Hakugombana naye. Alitaka kitu kimoja tu: mlimau wa uani. Mkewe aliuotesha kwa mbegu, na kila asubuhi aliyafuta majani yake vumbi kwa kitambaa, moja moja, huku akiupigia soga kama shoga yake. Mume alizoea kulalamika kwamba mti unapata maneno matamu kuliko yeye.

Aliuchimba taratibu, lakini mizizi mingi ilibaki ardhini. Kwenye nyumba mpya akaupanda, akatoa kisu, akashika tawi la kwanza. Akaliachia. Majani haya yalipita mikononi mwa mkewe, yatakayochipua hayatamjua. Basi mwalimu wa watu akarudisha kisu mfukoni, akajidanganya kwamba atamwagilia zaidi.

Alimwagilia asubuhi na jioni. Alitundika shuka kuukinga na jua. Siku ya tatu majani yakalegea, na alijua kabisa kwamba bado angeweza kuyakata. Alikaa karibu nayo, akiyatazama yakijikunja. Kisu hakikutoka mfukoni.

Wiki ya pili binti yake alikuja kumjulia hali. Akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kulikuwa kukavu.

"Baba, mbona hukuyapunguza majani? Wewe, baba?"

"Mama yako aliyashika, mwanangu."

Mazikoni alikuwa amejikaza kisabuni, akiwabembeleza wengine. Sasa aliketi chini kando ya mlimau uliokauka, akalia kwa sauti, kilio cha mtu asiyejali nani anamsikia. Jirani mpya, mama wa makamo, akachungulia juu ya ukuta.

"Jamani, kuna msiba hapo?"

Binti alimtazama baba yake, kisha akamgeukia yule mama.

"Ndiyo, mama," akajibu. "Mama yangu amefariki."