Chai Haihesabiwi

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya ini, Sista Mkuu alinikabidhi fomu na kalamu. "Kazi yako ni kuwauliza wanakula nini," akasema. "Mgonjwa akidanganya, ini litasema." Nilikuwa mtoto wa Unguja niliyeletwa London na wazazi baada ya mapinduzi, na sare mpya ilinitia kiburi. Nikaona kuuliza ni kazi nyepesi.

Aliyenitoa kiburi ni Mzee Haji, mgane wa Kipemba aliyekaa mtaa wa Lewisham. Alikuwa na ini lenye mafuta. Mafuta hujaa humo kimya kimya, na yasipopunguzwa ini hupata makovu, mwishowe likashindwa kazi. Kila skani ilikuja mbaya kuliko iliyopita, lakini fomu yake haikuwa na doa: samaki, wali kidogo, mchicha. Pombe hajaionja maishani.

Daktari Bingwa akakunja uso. "Huyu anatuficha. Akiendelea hivi, tutamzika."

Niliumia, maana nilimwamini mzee yule.

Jumamosi moja nikamkuta kwa shangazi yangu, kikombe mkononi, sahani ya visheti vilivyoganda sukari mbele yake.

"Shikamoo, baba. Hiyo chai ya ngapi leo?"

"Marahaba. Ya nne, mwanangu. Bado nyumba mbili za kutembelea."

"Mbona kliniki hukunambia?"

Akanishangaa. "Si uliuliza chakula? Chai ndo chakula?"

Niliona haya: sukari ya vikombe hivyo ndiyo iliyokuwa ikigeuka mafuta ndani ya ini, na swali langu halikuifikia. Mimi mwenyewe nimelelewa nyumba ambamo sukari hupikwa pamoja na chai, na mgeni akikataa kikombe amemvunjia heshima mwenyeji. Kumwambia mzee akatae ingekuwa kazi bure. Nikawaendea wenye nyumba, nikaanza na shangazi.

"Nimpe mgeni chai haina sukari? Watu watasemaje?"

"Watasema mgeni wako yu hai."

Akanuna siku mbili, kisha akapiga simu nyumba tano zilizobaki. Tangu hapo Mzee Haji alipikiwa chai ya mdalasini na iliki bila sukari, na mahali pa visheti pakawekwa chungwa. Naye akaliacha basi, akawa anatoka nyumba hii kwenda ile kwa miguu.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Daktari Bingwa aliitazama skani mpya mara mbili. Mafuta yalikuwa yamepungua sana. "Umempa dawa gani?"

"Nyumba sita, daktari."

Nilitamba wiki nzima, na sijutii. Fomu ikaongezwa swali: umetembelea nyumba ngapi? Nimeliuliza mpaka nikastaafu. Vijana wakinitaka siri ya ini, nawaambia watembee, wapunguze sukari, walale mapema, wasinywe dawa za mizizi wasizozijua. Kwanza lakini wahesabu chai.

Siku ya kuniaga, Mzee Haji, umri umeshapita tisini, alikuja na mkongojo wake. Sista mmoja wa zamu akamletea chai. Akaionja, akaweka kikombe mezani, akakisukuma taratibu kuelekea kwa mwenyeji wake.

"Samahani, Sista. Hii ina sukari."

Nililia mbele ya watu wote.