Nimefunga Mgomba kwa Kitambaa cha Mama Mkwe

Admin, naomba jina langu ulifiche vizuri, wifi yangu anasoma humu kila siku. Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mtanivumilia mwandiko. Kwetu ni Kanazi, nimeolewa Kishanda huku Muleba. Mume wangu anavua samaki kisiwani Goziba, nyumbani anakuja mara moja kwa mwezi, na mimi naishi na mama yake. Nina binti wa miaka minne na mvulana wa wiki tano.

Mama mkwe wangu ana kitambaa. Ni kipande cha shuka la zamani, kimekatwa kirefu kama mkanda, kimefuliwa mpaka kimekuwa laini kabisa. Wanawe wote wanane walifungwa nacho, mume wangu akiwemo. Mtoto akizaliwa ananyooshwa miguu, inabanwa pamoja, anazungushiwa kitambaa kuanzia mabegani hadi visiginoni, kisha blanketi juu na khanga usoni. Anasema bila hivyo mtoto atakuwa na matege na usingizi hatapata. Na kweli, binti yangu alipozaliwa alilala. Nilifurahi jamani! Mama alinifundisha, nikawa namfunga mwenyewe. Tena fundo nilikuwa nalivuta kuliko yeye, ili anisifu. Na alinisifu.

Binti alichelewa kutembea, na alipotembea alichechemea. Nikampeleka hospitali Bukoba, mimi na yeye tu. Daktari akampiga picha, akasema mfupa wa nyonga haujakaa mahali pake. Akaniuliza, "Mama, huyu mlikuwa mnamfunga miguu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema huenda alizaliwa na tatizo, huenda kufungwa kulilizidisha, sasa hivi hakuna anayeweza kujua. Nilirudi nyumbani nikasema, "Wamesema ni mifupa tu, tutakuwa tunaenda kliniki." Mpaka leo ndivyo wanavyojua wote, hata mume wangu.

Sikusema kwa sababu mama mkwe anambeba huyo binti mgongoni kila Jumapili mpaka kanisani, na mwenyewe magoti yanamuuma. Ningeanzia wapi? Na fundo nililivuta mimi.

Nilipojifungua huyu wa pili nikamuomba nesi anionyeshe. Alichukua khanga yangu nyepesi, akamkunja mtoto mikono kifuani, akazungusha, akaniambia vidole vyangu viwili lazima viingie hapo kifuani. Chini akaacha wazi kama mfuko. "Miguu ikae kama ya chura, apige mateke anavyotaka. Umlaze chali, usoni pasiwe na kitu, na usimrundikie mablanketi. Siku akianza kutaka kujigeuza, acha kabisa kumfunga." Nimefanya hivyo hivyo. Mtoto haamki tena kwa kushtuka akirusha mikono kama anaanguka. Analala, nafua nguo zangu mpaka namaliza.

Lakini nikienda kuoga, narudi nakuta kafungwa kile kitambaa. Namfungua. Kesho, kafungwa tena.

"Waitu mama, nakuomba, miguu tuiache."

"Kwani unalea chura wewe? Nimezaa wanane, yupo mwenye matege?"

"Hayupo, mama."

"Huyo nesi wako amezaa wangapi?"

"Mmoja."

"Haya."

Wiki iliyopita nimetoka kuoga, nikamkuta mwanangu kafungwa, blanketi juu, khanga usoni, jasho linamtiririka, uso mwekundu. Nilimfungua, nikamweka begani, nikachukua kile kitambaa nikaenda nacho nyuma ya nyumba. Kuna mgomba ulikuwa umeinama, mkungu mkubwa, na mti wa kuuegemeza ulikuwa unateleza. Nikamlaza mtoto kwenye mkeka, nikafunga mgomba na mti wake, mizunguko minne, fundo nikalivuta kama nilivyofundishwa. Ni upande wa njia, watu wanapita. Jirani akapiga kelele, "He! Ndizi za nyumba hii siku hizi zinavalishwa nepi?"

Mama akatoka. Nilidhani atanitukana. Aliligusa lile fundo tu, akasema, "Umefungia mgomba kitambaa cha wanangu." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo chakula changu hali, anajipikia mwenyewe, na mtoto hamshiki.

Mume wangu akapiga simu. "Jumamosi nakuja. Utamwomba mama radhi mbele yangu, na mtoto utamfunga kama mama anavyotaka. Ukishindwa, rudi kwenu Kanazi."

Nikamwambia, "Kwa kitambaa nitaomba radhi, nilikosea. Mtoto simfungi miguu."

"Unasemaje?"

"Simfungi."

Akakata.

Jumamosi ni keshokutwa. Ndugu zangu, siwaulizi kama nimfunge au nisimfunge, hilo nimelimaliza. Wanifukuze, wanitangaze kanisani, waseme mkamwana jeuri, mguu wa mwanangu haunyooshwi na mtu. Ninachoomba mnishauri ni hiki. Je, niseme alichosema daktari, mbele ya mwanawe, yule mama aliyenipenda ajue, na abebe kama ninavyobeba mimi? Au ninyamaze, nionekane mkaidi tu, nichukue wanangu wawili nirudi kwetu?

Nijibuni kabla boti haijafika. Mtoto amelala hapa pembeni yangu ninavyoandika, chali, uso wazi, magoti kayakunja. Na wewe unayetaka kuniandikia "mtii mama mkwe wako", njoo kwanza Jumapili umbebe binti yangu mpaka kanisani.