Tahajia Juu ya Meza ya Kukatia Nguo

Mwaka ule wa Kombe la Dunia shule za Johannesburg zilifungwa kwa wiki nyingi ili watu watazame mpira. Zilipofunguliwa, binti yangu mkubwa hakurudi. Mimi ndiye niliyeamua, na sikumwomba mtu ruhusa. Mume wangu nilimpa taarifa, na ofisi ya elimu niliijazia fomu zao.

Alikuwa na miaka tisa, gredi ya tatu. Mwalimu wake alikuwa ameniandikia kwamba mtoto hawezi kuandika Kiingereza, hivyo arudie mwaka. Kurudia mwaka si kifo, ningelimeza hilo. Kilichonichoma ni kwamba mtoto mwenyewe alishakubali. Nilimkuta bafuni akichana kurasa za daftari vipande vidogo vidogo, na nilipomuuliza akanijibu kwa utulivu, kama mtu anayekutajia saa, kwamba yeye ni mjinga na daftari halina kazi. Mtoto aliyekuwa akinunua mkate spaza, kiduka cha mtaani, kwa Kizulu, akiwaamkia majirani Wakongo kwa Kifaransa na kumjibu bibi yake kwa Kirundi kwenye simu! Nikasema huyu si mjinga, huyu hajafundishwa. Nikamtoa, nikamtoa na mdogo wake wa miaka saba, ili nisifanye kazi nusu.

Nilikuwa fundi cherehani. Tuliishi ghorofa ya pili ya jengo la zamani katikati ya jiji, na chumba chetu cha mbele kilikuwa na meza ya kukatia, mashine mbili, na mahali pa kupita kama umekonda. Nilishona sare za shule. Watu walipata la kusema: anawavalisha watoto wa wenzake waende shule, wake anawafungia ndani. Niliwaacha waseme. Mdomo wa mtu haushonwi, hata na fundi.

Kitu kimoja tu kilinitisha. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Kiswahili nilikipata barazani, Kifaransa shuleni, na Kiingereza changu nilikiokota kwa wateja. Ningemfundishaje mtu kukiandika? Kiswahili ukikisikia umekiandika. Kiingereza kinakaa na herufi za ziada mlangoni, kama wageni waliokuja na mtu mmoja na hakuna aliyewatambulisha.

Nilikuwa na mteja Mkenya, mama wa Midrand, ambaye aliwafundisha watoto wake watatu nyumbani miaka mingi. Aliniletea maboksi matatu ya masomo ya tahajia, akayapanga juu ya meza ya kukatia na kuniambia nichague moja, mengine atayapitia Jumamosi. Niliyaangalia siku tatu nzima. Mume wangu, aliyekuwa mlinzi kwenye maghala ya huko huko Midrand, alirudi kutoka zamuni akanikuta bado nayapekua. Akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamwambia mkulima na aende kulala.

Boksi la kwanza lilikuwa na rangi nyingi, na kila wiki liliwapa watoto orodha ya maneno ya kukariri. La pili lilisema mtoto aandike apendavyo, asome sana, tahajia itamjia yenyewe. Itamjia kutoka wapi? La tatu lilikuwa la kijivu, halina hata picha ya paka. Lilianza na sauti, kila sauti na kadi yake. Kisha kanuni moja, kisha maneno yanayoitii, kisha yale machache yanayoiasi, na hukuruhusiwa kusogea mbele kabla kanuni ya nyuma haijasimama. Watoto walilipenda la kwanza. Mume wangu naye, kwa sababu ya rangi. Mimi nilichagua la kijivu, na hata leo ningelichagua.

Nilijua kutokana na kazi yangu. Ukimfundisha mtu kukata gauni moja kwa kuliangalia, atakata gauni hilo mpaka afe. Ukimfundisha kupima, atamshonea yeyote atakayeingia mlangoni. Binti yangu alikuwa amepewa maneno mia moja ya kuangalia, na neno la mia na moja likimjia alisimama. Nilitaka apewe futi.

Na kanuni zenyewe zilinifurahisha mimi kabla yao. Nilipojua kwa nini ile e ya mwisho wa neno inakaa kimya na bado ina kazi, nilimwamsha mume wangu kumweleza. Miaka yote nilidhani Kiingereza ni kichaa, kumbe kina sheria, ila wenyewe hawakuona haja ya kutuambia.

Tukaanza. Watoto kwenye mkeka, mimi kwenye mashine, kadi zimebanwa ukutani kwa pini zangu. Nikiuliza, "Kanuni ya nne?" wao wanajibu kwa sauti moja, wakiyumba kidogo, mbele na nyuma. Sikuwafundisha kuyumba, waliniiga mimi. Nilikulia chuo cha Kurani, Buyenzi, watoto arobaini kwenye jamvi moja, na sisi tulichoimba hakikutoka tena kichwani. Ndivyo nilivyowaimbisha kanuni za tahajia, asubuhi na baada ya chakula, huku mguu wangu ukikanyaga na pindo za sketi zikipita chini ya sindano. Baada ya miezi walizijua zote. Majirani walizijua pia. Fundi Mkongo wa chumba cha tatu, baba mmoja mpole, alikuwa akiimba ya nne mwenyewe huku akipiga pasi.

Niliringa, sitaficha. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, nilikwenda shule moja ndogo upande wa Newtown, nikamwambia mwalimu mkuu kwamba nina msichana wa kuingia gredi ya tano mwezi wa kwanza, pamoja na wa rika lake. Alinisikiliza vizuri. Akasema mtoto aje mwezi wa kumi na moja afanye mtihani wa kuandika. Akifaulu, gredi ya tano. Asipofaulu, gredi ya tatu, na watoto wa umri wa mdogo wake. Nyumbani nilimweleza binti yangu bila kuficha. Akasema akiwekwa na wadogo hataenda, na itakuwa basi, atajua lile alilolijua tangu zamani ni kweli. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kanuni anazo zote.

Wiki hiyo hiyo yule mama wa Midrand alikuja kupima gauni la harusi ya mdogo wake. Nikaona nafasi ya kujionyesha. Nikawasimamisha watoto, wakaimba kutoka ya kwanza hadi ya mwisho bila kupumua. Mgeni alipiga makofi. Kisha akatoa kalamu kwenye mkoba, akampa mkubwa, akamtajia sentensi moja fupi kuhusu mvua na paa la nyumba.

Binti yangu aliinama juu ya karatasi. Mdogo wake akaanza kumtajia herufi, mgeni akamwekea kidole mdomoni. Tulisubiri. Aliandika maneno matatu, yote kama ambavyo angeyaandika kwa Kiswahili, akayafuta, akaandika yale yale tena. Kisha akaweka kalamu, akaenda bafuni na kufunga mlango.

"Zile kurasa za mwanzo, za mwalimu, ulizisoma?" mgeni akaniuliza.

Nikasema nilisoma kanuni. Hakunicheka. Akavuta kitabu, akanifungulia kurasa ambazo kweli sikuwahi kuzifungua, jinsi mtu anavyoruka karatasi inayokuja na mashine mpya. Zilisema mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Zilisema mwalimu atamke neno, mtoto alipasue kwa vidole, kila sauti kidole chake, aliandike, kisha aseme ni kanuni gani imemwongoza. Mwalimu macho yawe kwenye mkono wa mtoto, wala asishike kazi nyingine.

"Hii haiimbwi, dadangu," akasema. "Hii inataka ukae chini na yeye."

Nilikasirika. Nilimpima gauni lake na sikumpa hata chai, na hilo kwetu ni jambo kubwa. Alipoondoka ndipo nilipoanza kuukumbuka ukweli wa chuo changu. Ni kweli tuliimba, watoto arobaini. Lakini baada ya kuimba kila mtoto alichukua ubao wake, akaenda kukaa mbele ya mwalimu, goti kwa goti, peke yake, na pale hapakuwa na sauti ya mwenzako ya kujifichia. Mwalimu aliangalia ubao mpaka aridhike. Wengine tulirudishwa mara tano. Mimi nilichukua nusu ya kuimba nikaiacha nusu ya goti kwa goti, na sababu yake si ya kutafuta mbali: nusu ya kuimba iliniachia mikono. Nilikuwa nimechagua programu nzuri kuliko zote, kisha nikaifanya redio ya kunichangamsha kazini.

Nilikwenda mlango wa bafuni, nikamwambia mwanangu kwamba kosa ni langu. Mzazi wa kwetu hamwombi mtoto msamaha. Mama yangu angesikia angeuliza kama nina homa. Nilirudia mara mbili, ndipo akafungua.

Tulikuwa na wiki nane. Ndio msimu wa sare, kila mzazi anataka za mwezi wa kwanza. Nusu ya kazi nilimpa yule fundi Mkongo, ambaye alisema, "Leta, mama, sisi wote tuko na watoto." Mume wangu akiamka mchana alimchukua mdogo wakaenda kuzunguka. Mimi nikazima mashine, nikaondoa vitambaa mezani, nikavuta viti viwili vikakaribiana mpaka magoti yetu yakagusana.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Nikitamka neno, anaanza kuimba. Nikimwambia asiimbe, hana pa kushika. Alizijua kanuni zote na hakujua ipi inaita wapi. Mara mbili alichana karatasi. Mara ya pili mimi nami nilipandisha sauti, na siku ile hatukuendelea. Kesho yake tulirudi kwenye kadi ya kwanza kabisa, kama kitabu kilivyoagiza, msichana wa miaka kumi na kadi za watoto wa miaka sita. Akasema, "Eish, mama," lakini alikaa.

Sijui ni siku gani ilibadilika. Najua tu kwamba katikati ya wiki ya tano nilimtamkia neno refu ambalo hatukuwahi kulifanya, mimi mwenyewe sikuwa na hakika nalo, akalipasua kwa vidole, akaandika, akalitazama, akakata herufi moja na kuweka nyingine. Akaniambia ni kanuni gani. Nikaenda kuangalia kwenye kitabu, kwa sababu sikumwamini, na alikuwa sahihi. Sikumficha kwamba nimekwenda kuhakikisha. Alifurahi zaidi kwa hilo kuliko kwa pongezi.

Siku ya mtihani nilitaka kuingia naye. Mwalimu mkuu akasema wazazi wanasubiri nje, na binti yangu akasema vile vile, kwa upole zaidi. Mlango ulikuwa na kioo. Nilimwona akiinua vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, akiandika, akikata, akiandika tena, bila haraka. Nilizoea kumwona akikificha kiganjani kila alichoandika. Pale karatasi ilikuwa wazi mezani na mwalimu amesimama juu yake.

Walitoka baada ya saa nzima. Gredi ya tano, akasema mwalimu mkuu, na maneno manne amekosea. Binti yangu akaomba aonyeshwe hayo manne. Akayatazama, matatu akayasahihisha pale pale kwa penseli ya mwalimu, karatasi ameiegemeza ukutani, la nne akasema hilo ni mwasi tu, atalikariri. Mwalimu mkuu akacheka, akaniuliza nimemfundisha kwa kitabu gani. Nilimtajia kwa kiburi chote nilichokuwa nacho, na nilikuwa nacho kingi.

Tulirudi kwa miguu. Tukazungumza juu ya viatu, na juu ya mdogo wake, ambaye nilipanga abaki nyumbani mwaka mmoja zaidi. Kwenye robot, ndivyo wanavyoita huku taa za barabarani, karibu na kwetu tulisimama kusubiri. Binti yangu, ambaye siku zote nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, akasema kwa Kiswahili, "Mama, mdogo wangu usimwimbishe. Kaa naye yeye peke yake."

Nikamwambia sawa. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia, zaidi ya mwaka mzima, kwamba anaimba tu na haelewi.

"Ulikuwa na sare za watu," akasema. "Nikikuuliza, unasimamisha mashine. Nikiimba, unamaliza kazi."

Taa ilibadilika, watu wakavuka. Sisi tulibaki pale mpaka ikabadilika tena, kwa sababu sikuweza kutembea na kulia kwa wakati mmoja.