Nilivyochagua printa kubwa ya picha hapa Kyela, ili mama amwone dada yangu kwa urefu wake

Wakuu, habari za muda huu.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi kuna mdau aliuliza printa gani kubwa inafaa kuprinti picha nyumbani, nikaona nimjibu kwa kisa changu chote. Sijaongeza chumvi. Mkiona mahali nimejisema vibaya, basi nilistahili.

Nipo Kyela mjini, napiga picha za harusi na kipaimara. Mama yangu ni Mkisi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Lyulilo, amefinyanga vyungu tangu akiwa msichana.

Kabla yangu alizaliwa dada, Tusekile. Alifariki kwa homa akiwa na miaka tisa, mimi sijafikisha hata miwili. Naambiwa alinibeba mgongoni kutwa nzima. Sikumbuki chochote.

Ilibaki picha yake moja tu, ndogo ya kuenea kiganjani, amesimama nje ya kanisa na gauni la Krismasi. Imepauka na kugeuka nyekundu yote.

Baba hayupo tena. Shangazi zangu wote wametangulia. Mtu pekee aliyebaki anayejua Tusekile alifananaje ni mama, na macho ya mama yanakwenda. Daktari alitueleza wazi kwamba kinachopotea hakirudi.

Ndipo mama akaniomba.

"Lusajo, wewe si unapiga picha? Nikuzie dada yako, awe kwa urefu wake. Nimwone nikiwa bado naona."

Nikaiskani, nikaipeleka studio moja ya mjini. Ikarudi imependeza kweli kweli. Ngozi wameing'arisha kama tangazo la sabuni, na kovu lake la kwenye paji la uso wamelifuta wakidhani ni uchafu wa picha.

Mama akaisogeza karibu na uso wake. "Huyu ni mtoto wa nani?"

Hakukasirika. Alikuwa anauliza kweli. Hapo nikaamua kazi hii nitaifanya mwenyewe, nyumbani, mama akiwa pembeni.

Sasa wanaotaka mambo ya printa, someni hapa.

Wazo langu la kwanza lilikuwa ile ndogo ya A3. Haili nafasi, na wino wake unapatikana. Ningeprinti vipande halafu niviunganishe. Nikamweleza mama kwamba kiungo kimoja kitapita shingoni na kingine magotini. Akasema, "Mtoto hakatwi." Mjadala ukafungwa hapo.

La pili, kuna jamaa Mbeya alikuwa anauza plota ya ramani iliyotumika. Upana wa kutosha, karatasi ya roli, nikaona nimeula. Bahati nzuri nilibeba picha ya kujaribia. Mistari ya ramani ilitoka safi, lakini ngozi ya mtu ilijaa mabaka, maana ina wino wa rangi nne tu na ilitengenezwa kwa ajili ya michoro. Wakuu, upana sio ubora.

Mwisho nikaangukia printa ya picha ya inchi 24, yenye rangi nyingi zikiwemo za kijivu, inayotumia wino wa pigment, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka kwenye maji. Pigment niliichagua kwa sababu ya huku kwetu. Unyevu wa Kyela mnaujua, na ule wino wa dye, wa rangi iliyoyeyushwa, unachuja ukiguswa na mkono wenye maji. Mama yangu tangu nimjue mikono yake haijawahi kukauka.

Ikaja kwa basi kutoka Dar. Mke wangu aliizunguka, akauliza kabati la vyombo sasa liende wapi. Likaenda koridoni, na liko huko mpaka leo.

Mama naye akaja kukaa kwetu. Hapa ndipo penye kosa langu.

Nilianza na kipande cha uso tu, kwa majaribio. Karatasi ikitoka naiweka chini ya taa ya sebuleni, namwita mama. "Ni yeye?"

Anaishika kwa pembeni. "Ngoja ikauke."

"Imekauka, mama. Hii ni mashine."

"Ngoja."

Mimi subira sikujaliwa, hata mke wangu atawaambia. Nikiona nyeusi mno, narudi kwenye laptop naongeza mwanga. Nikiona nyekundu, napunguza. Ya pili, ya tatu, mpaka ya nane, zote nazitupa kwenye kona. Wino unashuka. Na kila asubuhi namwona mama akitoka chumbani anapapasa ukuta, nikawa najiambia nisipopata rangi wiki hii hatabaki mtu wa kuniambia kama nimepata.

Kwenye ya nane aliposema tena ngoja ikauke, nilipaza sauti. "Mama, hiki sio chungu!"

Mama akainuka, akaenda jikoni kumenya ndizi.

Ningekuwa na uwezo wa kulimeza lile neno, ningelimeza. Sikuomba msamaha hata hivyo. Nikabeba kamera nikaenda kupiga harusi Talatala, siku tatu.

Niliporudi asubuhi mama akaniita ukumbi wa nyuma. Zile karatasi nane zote alikuwa amezianika kwa vibanio, kivulini, mbali na upepo, vile vile wanavyokausha vyungu kabla ya kuvichoma. Mke wangu akaniambia mama alikuwa anazigeuza kila siku.

"Udongo mbichi unadanganya," mama akasema. "Mfinyanzi akiiamini rangi ya siku hiyo hiyo, anaharibu kazi. Zitazame sasa. Na utazame kwa jua la asubuhi, sio kwa hiyo taa yako."

Nikatazama. Wino ulikuwa umetulia kwenye karatasi, wekundu umepungua, na zile nilizoziona nyeusi chini ya taa zilikuwa na mwanga wake kabisa. Iliyokuwa sahihi ni ya tatu. Niliitupa bila hata kuitazama mara mbili.

Mama akaigusa kwenye kovu. "Hapa aliangukia jiwe la kusagia. Alikuwa anakukimbilia wewe, ulikuwa unalia."

Jambo hilo sikuwahi kuambiwa.

"Nisamehe, mama."

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa lugha ya kwetu. "Haya, kamalizie kazi."

Kipimo alinipa mwenyewe. Alisimama akaweka kiganja kifuani, akasema, "Alinifikia hapa." Nikavuta futi kutoka hapo mpaka sakafuni, nikaprinti picha nzima kwa mipangilio ya ile ya tatu. Safari hii nikaiacha siku mbili bila kuigusa. Kwa mtu kama mimi hiyo ni kama kufunga.

Siku ya tatu asubuhi tukaitundika sebuleni, miguu yake ikikaribia sakafu. Tukafungua milango na madirisha yote. Mama akasogea mpaka karibu kabisa, akatazama kwa muda mrefu, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Tusekile.

"Ndiye," akasema.

Halafu akanigeukia. "Mbona umesimama tu? Msalimie mkubwa wako."

Wakuu, nina miaka arobaini na moja, ndevu zina mvi. Pale ukutani kuna binti wa miaka tisa.

"Shikamoo, dada."

Mama akaitikia kwa niaba yake, polepole.

"Marahaba, mdogo wangu."

Nililia mbele ya mke wangu na sikuona aibu.

Nilichojifunza ni kwamba kwenye printa kubwa usinunue upana, nunua wino na karatasi inayolingana na mahali unapoishi, na nenda na picha yako mwenyewe ukajaribu. Usiihukumu rangi siku ile ile, wala chini ya taa. Na kama kwenu kuna picha ndogo, na amebaki mzee mmoja tu anayewajua waliomo, usisubiri printa. Kaa naye leo, muulize.

Wenye uzoefu na karatasi zinazovumilia unyevu wa huku ziwani, naomba mnielekeze hapo chini. Na mwenye kisa cha picha ya mtu wake akimwage, nitasoma vyote.

Mama sasa haioni tena vizuri ile picha. Akipita hupitisha mkono kichwani kwa Tusekile, anaendelea zake jikoni. Na wanangu wawili, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, wanamwamkia shangazi yao.