Tangi Lililofunikwa kwa Ajili ya Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia na koti jeupe nililolipiga pasi mwenyewe. Kufika saa nne nilikuwa mweusi mpaka kwenye nyusi. Msimamizi wa mafundi, Papa Ramazani, mtu wa mkoa wa Maniema aliyekaa mtaa wa Mangobo, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Citoyenne, huku nyeupe ni ya kuingia nayo tu," akasema, maana enzi zile sote tuliitana "raia" kwa Kifaransa.

Karakana yetu ilitengeneza betri za redio. Wakati ule wa Zaire unga wa kaboni kutoka Ulaya ulikuwa umekatika, na bila unga huo betri haifanyi kazi. Basi tukageukia takataka: maganda magumu ya kokwa za chikichi, ambayo wakamuaji wa mawese waliyatupa. Tuliyachoma ndani ya pipa lililozibwa, yasipate hewa yakawa majivu. Makaa yakiwa bado mekundu tuliyapitishia mvuke, nao uliyatoboa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Kisha tuliyasaga, tukayaosha, tukayaweka yangali na maji kwenye tangi la saruji lililochimbwa ardhini, refu kupita mtu. Papa Ramazani hakusoma kemia, lakini alijua ganda lililoiva kwa mlio wake likivunjika. Mimi mwenye diploma nilimfuata nyuma na daftari.

Juma moja tukaambiwa wakubwa wanakuja kututembelea, pamoja na wale wacheza ngoma wa kusifu chama tawala, wote na vitenge vipya. Citoyen Directeur, mkurugenzi wetu, aliona tangi letu ni aibu.

"Funika ile shimo," aliniambia. "Funika muzuri, isionekane."

Nilifunika mimi, kwa mbao na turubai, nikaziba pembeni kwa udongo. Wageni walichelewa, likakaa hivyo siku tatu.

Walipoondoka nikafunua pembe moja. Papa Ramazani akateremsha ngazi.

"Papa, ngoja tufungue yote."

"Aa, binti yangu, iko makaa tu. Ilishaoshwa. Itaniuma na nini?"

Akaanza kushuka, na kwenye kipago cha nne mikono yake iliachia. Hakupiga hata kelele. Nilidhani ameteleza, nikamwita, nikamwita tena. Hapakuwa na moshi, wala harufu, wala joto. Tulimvuta kwa kamba na kulabu, akatoka amekwisha kufa. Mtu huyu alikuwa anacheka nami sasa hivi!

Directeur alipofika nilifunga mshumaa kwenye waya, nikaushusha. Ulizimika kabla ya kufika nusu. Nikauwasha tena, ukazimika palepale. Ndipo nilipoelewa: makaa yale yenye matundu, yakiwa na maji, hunywa hewa safi. Siku tatu chini ya turubai yalikuwa yameimaliza.

Directeur aliutazama mshumaa, akajifuta uso kwa leso. Nilidhani atalia.

"Bon," akasema. "Andika alikunywa lotoko, akaanguka."

"Lakini Papa Ramazani iko Muislamu! Hakunywaka pombe hata siku moja."

"Miye nilisema kufunika, weye ndiye ulifunika. Donc, unataka twende wote wawili kifungoni? Andika."

Niliandika.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Kabondo. Vijana wa chuo huja kuniuliza habari za makaa ya maganda, maana wanataka kuhifadhi umeme wa jua. Nawapa yote: vipimo, moto, mvuke. Nawaambia tangi lisizibwe kamwe, na asishuke mtu kabla hewa haijapimwa. Wanashtuka kusikia makaa yaliyooshwa yanaweza kuua. Mimi kinachonishtua mpaka leo ni mkono wangu, ulioandika uongo ule bila hata kutetemeka.

Mke wa Papa Ramazani alisomewa karatasi ile mbele yetu, mimi na Directeur. Hakumtazama Directeur. Alinitazama mimi.

"Alikunywa na nani?"

Niliikunja karatasi ile, nikamkabidhi. Mama, kama bado uko hai, na kama kuna mtu wa kukusomea haya: hakunywa. Tangi nililifunika mimi.