Brashi Mpya ya Kumnyolea Kaka

Mume wangu ni kinyozi. Mtaani wanamwita Povu, kwa sababu hamgusi mtu kwa wembe kabla hajamfunika povu hadi abaki macho na pua. Vinyozi wenzake wote wa barabara yetu wamehamia kwenye mashine za umeme. Yeye ana sabuni, bakuli la bati, wembe na brashi, na mdomo wa kuwasema wenye mashine. Kazi alifundishwa na kaka yake mkubwa, shemeji yangu, aliyenyoa watu katika kibanda kilekile kabla yake.

Shemeji anaishi nasi, chumba cha uani. Ugonjwa wa kusahau ulimwanza kwa mambo madogo, akawa anatafuta miwani iliyo puani mwake, tukacheka naye pamoja. Kisha akasahau kwamba mkewe amefariki, tukawa tunamwambia upya na yeye analia upya. Baadaye akamsahau na mke mwenyewe, na Mungu anisamehe, nilishukuru. Mimi ananiita dada wa jikoni. Sijali, jikoni ndiko niliko kweli.

Ila mume wangu alikuwa amebakiwa na mlango mmoja. Kila Jumamosi alimketisha mzee uani, akamfunga taulo shingoni, akazungusha brashi shavuni. Shemeji alifumba macho, akainua kidevu na kusema, "Mdogo wangu, umechelewa leo." Basi, hakuna zaidi. Wiki nzima alikuwa hamjui, anamwamkia kama mgeni, lakini brashi ikigusa shavu tu, anamjua. Mume wangu aliishi kwa maneno hayo kutoka Jumamosi hadi Jumamosi.

Brashi yenyewe ilikuwa ya shemeji tangu ujana wake, imelainishwa na mashavu ya mtaa mzima. Nayo ikazeeka, ikapukutika, ukabaki mpini na vinywele vya kuhesabika. Mume wangu akanunua mpya, ya nywele za nguruwe kama ile ya kwanza. Wapo wateja wasiotaka mnyama huyo awaguse hata kwa unywele mmoja, na hao anawatumia brashi ya nailoni, ambayo shemeji hakuipenda hata alipokuwa na akili zake timamu. Hii ya nguruwe ilikuwa ya kaka yake tu.

Sasa, brashi mpya ya nguruwe si brashi bado. Ni ngumu, inachoma, inanuka zizi. Inataka kulowekwa, kuzungushwa na sabuni kiganjani, kusuuzwa, kuachwa ikauke kabisa, kisha uanze tena, na tena, hadi ncha za nywele zipasuke zenyewe. Hapo ndipo inapolainika. Mume wangu anayajua hayo kuliko mimi. Lakini Jumamosi ilifika, akashindwa kuiacha ipite, akaipeleka hivyohivyo.

Shemeji aliruka kitini.

"Unanichoma! Wewe nani wewe?"

"Kaka, ni mimi."

"Mimi nani? Toka hapa, mwizi mkubwa!"

Akalipiga bakuli teke, maji ya sabuni yakamwagikia nguo zangu kwenye beseni. Mume wangu aliokota bakuli, akaja jikoni, akasimama katikati pale kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Nilitaka kugombana juu ya nguo nikashindwa.

Kesho yake nikamkuta uani ameshika mkasi. Kinyozi akikwama, mkono unakwenda kwenye mkasi. Alikuwa anazipunguza ncha zile zinazochoma, kwa uangalifu mkubwa, ulimi umetoka pembeni. Alipomaliza, kila unywele ukawa na ncha butu ngumu kushinda mwanzo, na ncha za kupasuka zikawa hazipo tena. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za mume wangu siku ile zilikuwa zimenyolewa. Ikabidi anunue nyingine.

Hiyo ya pili aliilea kama mtoto. Aliiloweka kwenye kikombe changu cha chai, kile chenye maua, mpaka nikamwambia nyumba hii ina mume mmoja na nguruwe mmoja, waamue nani analala nje. Hakucheka. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini huyu alijinyoa asubuhi na jioni, pasipo ndevu za kunyoa, ili brashi ipate shavu la kujifunzia. Uso ukamwiva.

"Polepole, baba," nilimwambia. "Haraka haraka haina baraka."

"Polepole ni kwangu na kwa brashi," akasema. "Yeye hatusubiri."

Shemeji kweli alikuwa anakwenda; wiki hizo alianza kusahau kijiko ni cha nini. Nilimhurumia mume wangu hadi nikamkasirikia, maana huruma isiyo na la kufanya inageuka hasira tu, na mwenye kuipata ni aliye karibu.

Mwishowe alikuja jikoni na brashi yenye povu, akanigusa nayo shavuni. "Hebu sikia."

Ilikuwa laini. Laini kabisa, na harufu ya zizi imekwisha.

"Iko tayari," nilisema, na sikuwa namfariji.

Jumamosi akamketisha kaka yake palepale, taulo lilelile. Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi, najifanya nasugua. Brashi ikagusa shavu. Shemeji akafumba macho. Akainua kidevu. Mume wangu akazungusha, akangoja. Akazungusha shavu la pili, akangoja tena, na mimi nikaacha kusugua.

"Kinyozi," shemeji akasema, ametulia, "una mkono mzuri. Nani alikufundisha?"

Brashi ikasimama.

"Kaka yangu."

"Alikufundisha sawasawa. Yupo hai?"

"Yupo."

"Msalimie sana."

"Zimefika," akasema mume wangu, akachukua wembe.